Kibali cha Vitalia

Watu waliowahi kulazwa katika Hospitali ya Mtakatifu Notburga, pale kilimani nje kidogo ya mji wa Mbinga, walikuwa na utani wao mmoja. Walisema kwamba katika wodi ya Dokta Mansuetus hakuna anayekufa ghafla, maana Dokta hamruhusu mtu afe kabla hajamaliza kumwandika. Na kweli alikuwa anaandika. Alikuuliza umekula nini jana, choo umepata lini, babu yako alikufa kwa ugonjwa gani, na jirani mnayechota naye maji kama anakohoa. Kisha aliinama akayaweka yote kwenye faili, kwa mwandiko wa kutulia kama wa mwalimu wa darasa la kwanza. Wengine walikereka. Mzee mmoja wa Kigonsera alimwambia kwamba amekuja kutibiwa mgongo, hakuja kuandikisha ukoo.

Hakuwa daktari wa digrii. Alikuwa daktari msaidizi, wa wale walioanzia zahanati wakapanda ngazi moja moja mpaka wakaruhusiwa kupasua. Lakini Mbinga nzima ilimwita Dokta, naye akaitika. Alizaliwa Kihagara, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, katika nyumba iliyonuka usipa, dagaa wa ziwani wa kuanikwa, mwaka mzima. Mama yake alifia kwenye zahanati ya huko yeye akiwa na miaka tisa. Miaka mingi baadaye, akiwa mwanafunzi wa uganga, alirudi akaomba kuonyeshwa daftari la mwaka ule. Alikuta jina la mama yake, tarehe, na neno moja tu: amefariki. Alikuja akiwa na hali gani, alipewa dawa gani, alikaa muda gani pale kitandani, hakuna. Alikaa na daftari mapajani mpaka mganga wa zamu akamwomba walirudishe kabatini.

Tangu siku hiyo kalamu yake haikuacha nafasi tupu. Kama kuandika sana ni kosa, yeye alilitenda kwa moyo mweupe kabisa, na hapo ndipo uchungu wa habari hii ulipo.

Miaka ya soko huria ikaja. Chama cha ushirika kikaanza kuyumba, na wanunuzi binafsi wa kahawa wakapanda milima ya Umatengo na magari mapya na mizani mipya, kila mmoja na maneno yake matamu. Kampuni moja iliyojiita Mavuno Mema iliwashinda wenzake wote kwa ahadi. Mkulima atakayeiuzia kahawa yake yote, ilisema, atapewa kadi ya matibabu: yeye, mwenzi wake, na watoto wanne, pamoja na picha zao. Karani alizunguka vijijini na meza ya kukunja na kamera. Watu walivaa nguo za Jumapili siku ya katikati ya wiki ili wapigwe picha. Usiwacheke. Mtu aliyewahi kumbeba mgonjwa kwenye machela toka kijiji cha mbali kama Mbuji, akifikiri njia nzima atamlipa nani na kwa nini, anajua ile kadi ilikuwa na uzito gani mfukoni.

Kilichokuwa kimeandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya kadi hakuna aliyekisoma. Dawa za malaria na majeraha, onyesha kadi utibiwe. Lakini kwa upasuaji, kibali kwanza. Daktari ajaze fomu, fomu ipelekwe ofisi ya kampuni pale mjini, karani aitume kwa faksi Dar es Salaam, na huko mtu aliyeitwa Daktari Mshauri wa Mfuko wa matibabu wa kampuni aisome aamue. Daktari Mshauri huyo hakuna mtu wa Mbinga aliyewahi kumwona. Alijulikana kwa sahihi yake tu, mkunjo mmoja wenye mkia mrefu, na kwa kupenda kwake kurudisha fomu. Fafanua. Bainisha. Kwa nini dawa za kumeza hazitoshi? Fomu ya mzee mmoja mwenye ngiri ilirudi mara tatu. Ilipokuja na jibu la ndiyo, mzee alikuwa ameshapasuliwa wiki mbili nyuma kwa dharura, utumbo umeshaanza kuoza, na amepona kwa rehema ya Mungu tu.

Mansuetus, aliyezoea kupita wodini saa mbili asubuhi, sasa akawa anafika vitandani saa tano, kwa sababu kwanza alikaa na fomu. Wauguzi walinong'ona kwamba Dokta siku hizi anamjua zaidi Daktari Mshauri kuliko wagonjwa. Alisikia, akaumia, akaendelea kujaza. Na Sista Kunigunda, mkuu wa hospitali, mwanamke mwenye miaka sitini na sauti ya kengele, hakumwachia mlango wa pembeni. Mfuko ulikuwa umekataa kulipia upasuaji wote uliofanywa kabla ya kibali, hospitali ikakosa dizeli ya jenereta mwezi mzima, na mtoto njiti akafa kwa baridi. Siku ya pili yake Sista alibandika tangazo kwenye mlango wa chumba cha upasuaji: bila kibali hakuna kisu, isipokuwa kwa mtu anayekata roho.

Basi Mansuetus akabuni dawa yake mwenyewe ya fomu zinazorudi. Aliamua kuwajibu kabla hawajauliza. Wakitaka maelezo, atawapa maelezo mpaka watosheke.

Vitalia aliletwa mwezi wa sita mwaka elfu mbili. Alikuwa na miaka kumi na sita, mrefu, mwenye macho ya utundu, na shingoni alikuwa na goita iliyojaa kama mtu aliyefunga skafu nene. Aliyekuja naye alikuwa Raimundi Ndunguru, mkulima wa kahawa wa Mbuji, mwenye mikono iliyokomaa kwa kuchimba ngolo, yale mashimo ya kuzuia udongo usisombwe kwenye miteremko ya kule.

"Shikamoo, mzee," alisema Mansuetus.

"Marahaba, Dokta. Nimemleta binti yangu. Halali."

"Halali vipi?"

"Akilala chali pumzi inakatika. Miezi mitatu sasa anasinzia amekaa, ameegemea ukuta, na mama yake anamshika kichwa."

Mansuetus aliposogea aliisikia mwenyewe ile pumzi. Ilipiga mluzi mwembamba ikiingia, na mwingine ikitoka.

"Kwaya wamenitoa, Dokta," alisema Vitalia kwa sauti ya kukwaruza. "Wanasema napiga filimbi kwenye nyimbo zisizo na filimbi."

Mansuetus alicheka, kisha akaweka vidole shingoni mwake na kicheko kikaisha. Uvimbe haukuwa wa mbele tu. Ulikuwa umeshuka nyuma ya mfupa wa kifua, na njia ya hewa ilikuwa imebanwa katikati. Kazi ile haikuwa ya mkono wake, na alijua mipaka ya mkono wake. Lakini daktari bingwa wa upasuaji alikuwa anakuja Notburga mara mbili kwa mwaka, Februari na Agosti, siku nne kila safari. Hadi Agosti kulikuwa na miezi miwili. Alijiambia kwamba miezi miwili inatosha kwa fomu yoyote, hata kwa Daktari Mshauri.

Akavuta fomu, akaanza maswali yake. Vitalia alimtazama kwa mshangao. "Dokta, hata kikohozi changu cha mwaka juzi unakiandika?"

"Hicho ndicho cha kwanza," alisema. "Mzee, nyumbani kuna mtu aliyewahi kuugua kifua kikuu?"

"Yupo. Baba yake mzazi, mdogo wangu Urbani. Alifariki mwaka tisini na moja, kwa kifua hicho hicho."

Raimundi aliyasema hayo kama mtu anayetaja siku ya soko, na Mansuetus aliyasikia vivyo hivyo. Miaka kumi na mitano ya kuishi na Wamatengo ilikuwa imemfundisha habari ya sengu, ile desturi ya wanaume wa ukoo mmoja na watoto wao kula pamoja uani, chungu kimoja, na mambo yao yote kuamuliwa hapo. Siku hizo familia nyingi zilikuwa zimeiacha, kila mtu akala kwake na mlango wake umefungwa, lakini kwa Raimundi bado ilikuwepo. Mtoto anayekula kwenye sengu ni mtoto wa wanaume wote wanaokula hapo. Ndugu akifa, mtoto hahami, wala haitwi jina jingine. Karani wa kadi alipofika na meza yake akauliza "Watoto wako?", Raimundi alimsogeza Vitalia mbele pamoja na wale watatu aliowazaa, na wala hakufikiri kama kuna jambo la kueleza.

Kwa hiyo fomu ile ilijazwa namna hii. Juu, mwanachama: Raimundi Ndunguru, uhusiano na mgonjwa: baba. Chini, kwenye historia ya ugonjwa, kwa ule mwandiko mzuri: baba mzazi wa mgonjwa alifariki mwaka 1991 kwa kifua kikuu, makohozi ya mgonjwa yamepimwa mara tatu, hayana vijidudu. Mstari huu wa pili Mansuetus aliuandika kwa fahari kidogo. Mwaka uliopita fomu ya mama mmoja mwenye uvimbe wa shingo ilirudishwa ikiuliza kama huo si ugonjwa wa kifua kikuu, ambao serikali inautibu bure, na kumjibu Daktari Mshauri kulikula wiki tano. Safari hii alikuwa amemziba mdomo mapema. Mistari miwili ilikaa kwenye karatasi moja, umbali wa kiganja kati yake, na wala yeye wala Raimundi hakuona kwamba inagombana.

Fomu aliipeleka mwenyewe kwa baiskeli. Karani wa Mavuno Mema pale mjini aliitwa Ramadhani, mtu mpole ambaye baba yake alitoka Kilwa akaja kufungua duka la vitambaa Mbinga na kuzikwa papo hapo. Aliilisha mashine ile karatasi, wakasimama wote wawili kuitazama ikiingia.

"Imekwenda, Dokta. Inshallah tutajibiwa."

Mwezi wa saba ukapita kimya. Agosti ilipoanza, likaja swali moja: kwa nini mgonjwa asipewe vidonge vya madini joto? Mansuetus alijibu siku ile ile, kurasa mbili. Kimya tena. Bingwa aliwasili Jumatatu ya wiki ya tatu. Vitalia na Raimundi walikuwa wamefika tangu Jumapili, wana furushi la unga na maharage, na ndugu watatu wa ukoo walikuwa wameachwa Mbuji wakingoja kuitwa kuja kutoa damu, kwa sababu hospitali haikuchukua damu ya watu kabla ya kibali kufika, isije ikaharibikia kwenye jokofu.

Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Mansuetus alikwenda mjini kwa baiskeli kila asubuhi na kila alasiri. Ramadhani alianza kuona aibu kumtazama. "Bado, Dokta. Wallahi nimepiga simu mara mbili. Wanasema ombi lipo mezani."

Alhamisi saa nne asubuhi mashine ilianza kulia Mansuetus akiwa bado anaegesha baiskeli. Ramadhani aliikata karatasi, akaisoma, akaisoma tena, kisha akampa.

Ombi limesitishwa. Fomu inaonyesha kuwa baba wa mgonjwa alifariki mwaka 1991, ilhali mwanachama anayedai kuwa baba wa mgonjwa yu hai. Kadi imefungwa kwa familia yote hadi uchunguzi wa udanganyifu utakapokamilika. Chini yake, ule mkunjo wenye mkia.

"Dokta," alisema Ramadhani taratibu, "hili la marehemu, nani aliwaambia?"

"Mimi," alisema Mansuetus.

Alipanda kile kilima bila kushuka kwenye baiskeli, jambo ambalo hakuwahi kuliweza hata alipokuwa kijana. Alimkuta Sista Kunigunda stoo akihesabu mashuka.

"Tumsifu Yesu Kristo, Sista."

"Milele amina. Una nini wewe? Kaa kwanza."

Hakukaa. Alimwambia yote amesimama, hakujificha nyuma ya neno lolote. Sista alisikiliza hadi mwisho, akaliweka lile shuka, akasema, "Mpelekeni chumba cha upasuaji. Kwa Askofu nitajibu mimi."

Kwa hiyo usimtafute Sista katika lawama hii. Wala bingwa usimtafute. Alikuwa ameshavua glavu za mgonjwa wake wa mwisho, na gari la kumpeleka hospitali nyingine, ambako wagonjwa kumi na wanane walikuwa wamefunga kula tangu jana, lilikuwa linanguruma nje. Hata hivyo alirudi akamtazama Vitalia, akamgusa shingo, akauliza damu ipo chupa ngapi. Hakukuwa na hata moja. Raimundi alikuwa tayari anakunja mkono wa shati, lakini chupa moja ya mzee mmoja haitoshi kwa shingo ya namna ile, na wale ndugu watatu walikuwa Mbuji, safari ya nusu siku kwenda na nusu siku kurudi.

"Nikimfungua bila damu nitamuua mezani," bingwa alisema. "Mleteni Februari. Atakuwa wa kwanza."

Vitalia aliyasikia. Alijifunga kitenge chake vizuri, akamwambia Raimundi, "Twende, Baba. Mahindi yasije yakaliwa yote na nguruwe."

Raimundi alifikiria kuuza ng'ombe wake wampeleke Mbeya. Mansuetus alimshauri wasubiri kidogo kwanza, maana Mbeya ni mbali, basi lingemchukua siku mbili binti asiyeweza kulala, na kadi ikifunguliwa mambo yote yatakuwa mepesi. Ushauri huo aliutoa kwa nia njema. Aliukumbuka kila siku maisha yake yote.

Mwishoni mwa Septemba barua ya Mfuko ilikuja, na kwa barua ya Mfuko haikuwa mbaya. Yatima anayelelewa na mwanachama anaweza kuandikishwa kama mtegemezi. Kinachotakiwa ni mwanachama aape mbele ya mtendaji wa kata, kwenye fomu iliyoambatanishwa, kwamba yeye si baba wa mtoto huyo na kwamba alimwandikisha hivyo kwa makosa. Mansuetus aliona mwanga. Aliomba lifti kwenye gari la mahindi, akaenda nayo Mbuji mwenyewe.

Alifika wakati wa kula jioni, jua bado lipo. Wanaume wa nyumba ile walikuwa uani wamekizunguka chungu, watoto ubavuni mwao, na Vitalia ndiye aliyekuwa anagawa mboga. Walimnawisha mikono, akala nao. Baadaye alimsomea Raimundi ile karatasi kando ya ghala, polepole, mara mbili.

Raimundi alionyesha uani kwa kidevu.

"Dokta, siku tulipomzika Urbani, wazee waliniuliza mbele ya chungu kile pale: huyu mtoto ni nani? Nikasema ni mwanangu. Wakaniuliza mara tatu, ndivyo sisi tunavyofanya. Mara tatu nikajibu. Kwetu mtu akija kusema baadaye kwamba huyu si mwanangu, maana yake amemtoa uani. Hali tena hapa. Sasa wewe unataka nikaape hivyo kwa mtendaji?"

"Ni karatasi tu, mzee wangu."

Raimundi alimgeukia. Hakukasirika, na ingekuwa nafuu kama angekasirika. "Wewe ndiye wa kuniambia karatasi ni karatasi tu?"

Mansuetus alimwachia ile karatasi mikononi. Alirudi Mbinga kesho yake, na fomu ikabaki Mbuji, bado tupu. Wiki mbili nzima Raimundi hakuisaini. Alikwenda shambani, akapalilia mibuni ambayo haikuwa na magugu ya kupalilia, akarudi. Mwisho Vitalia mwenyewe ndiye aliyemfuata, akipumua kama mtu aliyepanda mlima ingawa alikuwa ametoka jikoni tu.

"Baba, saini. Mimi nitaziba masikio."

Akasaini, katikati ya Oktoba, katika ofisi ya mtendaji, muhuri ukagongwa. Jioni ile hakukaa kwenye chungu. Alikaa peke yake kizingitini, na Vitalia alipompelekea ugali wake kwenye sahani, aliupokea akauweka chini, ukapoa.

Kibali kilitoka wiki ya kwanza ya Novemba. Upasuaji umeidhinishwa, kwa safari ya Februari. Mansuetus alikitoboa matundu mawili akakifunga kwenye faili la Vitalia, ukurasa wa juu kabisa, ili mtu yeyote atakayelifungua akione kwanza.

Mvua za mwaka ule zilianza na baridi kali, na watoto wote wa Mbuji wakapata mafua. Vitalia naye akayapata. Kwa mwenye koo zima mafua ni makamasi na kikohozi cha wiki moja. Kwa ile njia yake nyembamba, uvimbe kidogo tu ndani ya koo ulitosha. Walimleta Jumanne asubuhi ya mwisho wa Novemba, amekaa wima kwenye pikapu katikati ya wale ndugu watatu wa kutoa damu, safari hii wote wapo. Gari lilikuwa limekwama mara mbili kwenye matope. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau, na ule mluzi ulikuwa umeanza kufifia.

Mansuetus hakuuliza swali wala hakushika kalamu. Alimweka mezani amekaa, akampa hewa ya mtungi, akajaribu kupitisha mpira kooni ukagoma. Kisha akachukua kisu, akajaribu kutoboa njia ya hewa chini ya koromeo, lakini ile goita ilikuwa imelala juu yake, imeifunika na kuivuta upande, na kila alipogusa palitoka damu. Sista Kunigunda alishika taa na kusali kwa sauti. Vitalia alimshika Mansuetus kifundo cha mkono, kwa nguvu ya ajabu, akimtazama. Halafu ule mkono ukalegea. Ilikuwa saa tano kasorobo, saa ambayo siku nyingine Dokta angekuwa bado mezani kwake na fomu.

Alilia pale pale mbele ya wauguzi, na gauni la upasuaji limeloa damu. Hakuna aliyemzuia.

Saa saba mchana mvua ilikuwa imekatika. Raimundi aliingia ofisini kwake kuchukua karatasi ya kifo, kwa sababu bila hiyo hawangeruhusiwa kuondoka na maiti. Alikaa kwenye kiti cha wagonjwa, kofia magotini. Hakulaumu. Alisema asante kwa kuhangaika, kama wanavyosema watu wa kule hata pale ambapo hakuna cha kushukuru, na Mansuetus alitamani ardhi impasukie.

Alivuta fomu ya kifo. Jina la marehemu. Umri. Kijiji. Sababu ya kifo, akaiandika, maneno machache tu. Kisha kalamu ikafika kwenye mstari unaosema: jina la baba. Ikasimama.

Pembeni ya mkono wake lilikuwa faili la Vitalia, na juu kabisa kibali, na chini ya kibali hati ya kiapo yenye muhuri wa mtendaji, inayosema kwamba Raimundi Ndunguru si baba wa mtoto huyu. Chini zaidi ulikuwa mstari wake mwenyewe wa mwezi wa sita, wa baba mzazi aliyefariki. Karatasi zote mbili zilisema jambo moja. Katika miaka yote ya kazi yake hakuwahi kuandika kwa kujua neno ambalo faili linalikana.

Raimundi aliona kalamu ilivyosimama. Alitazama sakafu.

"Dokta," alisema, "kama sheria hairuhusu, andika la Urbani. Nitaelewa."

Mansuetus aliandika. Aliandika Raimundi Ndunguru, kwa herufi kubwa, akaigeuza karatasi ili mzee aone. Raimundi hakuwa msomaji wa haraka. Aliweka kidole chini ya jina lake, akalifuata herufi kwa herufi mpaka mwisho, akakiacha kidole pale.

"Basi atakula kwetu," alisema.

Nakala ya fomu ile ilipelekwa bomani na zile nyingine za mwezi. Mansuetus alingoja irudi. Alikuwa na hakika kwamba mtu fulani mahali fulani ataisoma, atailinganisha, ataiandikia pembeni fafanua, na alikuwa ameshalitengeneza jibu. Aliingoja Desemba yote, akaingoja mpaka bingwa alipofika Februari na kuuliza yule binti wa shingo yuko wapi. Haikurudi. Hakuna aliyeuliza.